Mikono ya Baba Mkwe

Makofi yalianza hata kabla sijaichomoa sindano. Waombaji wenzangu walionizunguka walishangilia kama tuko harusini, na Daktari Kokushubila, mratibu wa udahili, akainua kishikwambi chake ili apate picha nzuri. Mbele yangu, juu ya meza, ulilala mkono wa majaribio: mkono wa mpira wenye ngozi ya kizee, mishipa iliyosinyaa na damu ya bandia inayosukumwa na pampu ndogo. Ulitengenezwa makusudi uwashinde watu. Mimi, mtaalamu wa udongo ambaye hadi mwezi uliopita sikuwa nimewahi kushika sindano, niliupata mshipa kwa mara moja, tena nikiwa natazama dirishani.

Nilitumia mkono wa kushoto. Tangu kuzaliwa mimi ni mtu wa mkono wa kulia.

"Mnaona?" alisema Daktari Kokushubila. "Huu ni mkao wa kwanza tu kwenye mashine, nusu ya mikono. Dada yetu Tusekile akimaliza mkao wa pili Ijumaa, atakuwa na miaka thelathini ya wodini kwenye vidole vyake. Baada ya mwaka mmoja ana shahada. Hiyo ndiyo kasi ya Chuo cha Mikono Hai. Na tumshukuru mtoaji wake, ambaye ni..."

Akalitaja jina, lote, la kwanza na la ukoo, kwenye kipaza sauti.

Nikainama na kujifunika uso kwa kitenge. Sikupanga, mwili ulijifanyia wenyewe. Watu wakacheka wakidhani naona haya kwa sifa.

Kwetu Rungwe, kwa desturi ya zamani, mke hamtazami baba wa mumewe. Hasemi naye, halitaji jina lake, na wakikutana njiani mke ndiye anayeingia majanini. Nyumba nyingi zimeshaiacha desturi hiyo, wakwe na wake za watoto wao wanakaa kochi moja wanatazama mpira. Nyumba niliyoolewa mimi haijaiacha. Nimeishi miaka minane na mzee yule, ukuta mmoja kati yetu, na ukiniambia nikueleze sura yake nitakueleza kikohozi chake. Jina lake hata hapa sitaliandika.

Ndiyo sababu sehemu ya mtoaji kwenye maombi yangu haikujazwa na mkono huu. Masharti ya Shahada ya Kasi ya Uuguzi yalinikera tangu siku ya kwanza nilipoyasoma. Uwe na shahada nyingine tayari. Ufaulu anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia. Uandike insha. Halafu uje na mtoaji wako mwenyewe, muuguzi aliyehudumu si chini ya miaka ishirini, aliye tayari kukurithisha mikono. Kama ukoo wenu hauna muuguzi mstaafu, shauri yako, nenda kalime. Ukoo nilioolewa ulikuwa naye, mzee yule yule. Kulikuwa na mahali pa kuandika jina lake na maelezo yake, na pa kusoma aya kadhaa kabla ya kukubali. Nisingeweza kuliandika jina lile, wala kumwuliza mwenyewe. Nikamwachia Gwakisa, mume wangu, aingie nayo chumbani kwa baba yake.

Alitoka baada ya muda mfupi, anatabasamu. "Baba amekubali. Nimemweleza ni kama kupigwa picha."

Nikafurahi kama mjinga. Nilimpikia kuku. Siku ya mkao wa kwanza akampeleka baba yake chuoni yeye mwenyewe, na mimi nikawekwa chumba kingine.

*

Wiki ile mikono ilikuwa na mambo yake. Nikitandika kitanda, pembe za shuka zilijikunja zenyewe, kali, za hospitali. Nikimpokea jirani kwa salamu, vidole vyangu viliteleza hadi kwenye kifundo cha mkono wake kutafuta mapigo. Nikimenya viazi, kisu kilihamia kushoto na ganda likatoka moja refu bila kukatika. Nilikaa mezani na vitabu vya anatomia, nikikariri mifupa kwa ajili ya mtihani, na mikono ikawa imechoka kunisubiri, inafungua na kufunga kifuniko cha kalamu kwa ustadi ambao si wangu.

Insha ya maombi ilitaka nieleze wito wangu. Niliandika kwamba sina wito, nina hasira. Gwakisa akanishauri nibadilishe, nikabadilisha, lakini ukweli ulibaki palepale. Mwanetu Lugano alikuwa na miaka miwili alipoharisha hadi macho yakazama. Muuguzi wa zamu alikuwa binti mdogo, peke yake na wodi nzima. Alimchoma mkononi, akamchoma mguuni, akamchoma kichwani, na kila mara mshipa ukamkimbia. Mwishowe alikuwa analia kuliko mtoto. Mtu mwenye mkono wa kazi alipopatikana, hapakuwa tena na wa kutundikiwa dripu. Mimi nilitaka mikono isiyokosa. Sikuitaka baada ya miaka minne ya chuo na mingine kumi ya kuwatoboa watoto wa watu nikijifunza. Niliitaka sasa.

Jumapili asubuhi Gwakisa alikuwa akijiandaa kwenda kanisani. Tai yake ilikuwa imepinda kama kawaida. Nikamsogelea nimcheke, na kabla sijasema neno mikono yangu ikaifungua ile tai, ikaizungusha mara mbili, ikaipitisha chini na kuivuta, halafu dole gumba la kushoto likabonyeza kijishimo kidogo katikati ya fundo. Sijawahi kufunga tai maishani mwangu.

Mama mkwe aliingia wakati huo na chupa ya chai. Akaliona fundo. Akaiweka chupa mezani taratibu, kama mtu aliyeshika yai.

"Nani kakufundisha hilo?"

"Hakuna, Mama. Mikono tu."

"Hilo ni fundo lake," alisema. "Kanisa zima hakuna anayelifunga hivyo ila yeye. Na hicho kishimo."

"Basi leo watafanana, yeye na mwanawe," nilisema nikicheka.

Mama hakucheka. Alimtazama Gwakisa, naye Gwakisa akatazama viatu vyake. Hapo ndipo vitu nilivyoviona siku zote bila kuvitazama vilipoanza kunijia kimoja kimoja. Mashati ya mzee kwenye kamba, yamekatwa vifungo na kushonewa zipu. Vikombe viwili vipya vya plastiki vyenye mirija. Ukimya wa asubuhi, maana redio yake ya kuzungusha kitufe haikuwa ikiwashwa. Jumapili tatu mfululizo mzee wa kanisa asiyekosa ibada alikuwa na mafua.

"Mama," nilisema, "kwa nini haendi kanisani?"

"Ana mafua."

"Sijasikia akipiga chafya. Nasikia kila kitu cha mle ndani, Mama. Sijasikia."

Mama akaanza kulia. Sikumngoja amalize. Nilivuka sebule, nikaupita mlango ambao sikuwahi kuupita tangu nilipoolewa.

Alikuwa ameketi kitandani, amenipa mgongo, amevaa shati moja jeupe ambalo bado lilikuwa na vifungo. Alikuwa anajaribu. Vidole vilikwenda kwenye kifungo vikakipita, vikarudi vikakigusa, vikakisukuma pembeni, vikabaki hewani vikitetemeka kama havikumbuki vimeitwa kufanya nini. Kifuani palikuwa na uji uliokauka.

"Mama Gwakisa," alisema bila kugeuka, "hiki cha juu kinanishinda."

Mkono wangu wa kushoto uliinuka wenyewe kwenda kukifunga. Naapa uliinuka wenyewe. Papo hapo akageuka, akaona si mkewe. Mtu aliyeongoza wodi ya upasuaji, ambaye madaktari walikuwa wakimpisha, akalivuta blanketi akajifunika kichwa.

Nikatoka kinyumenyume.

*

Nilimkuta Gwakisa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, tai yake nzuri bado shingoni.

"Picha," nilisema. "Ulisema picha."

"Tuse, punguza sauti, majirani."

"Majirani waje! Waje wasikie! Baba yako hawezi kushika kijiko na wewe unaniambia majirani!"

Gwakisa ni fundi wa mashine za hospitali. Hakuna wa kumdanganya kuhusu mashine, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinieleza pale pale, kwa ile sauti yake ya kueleza, na kila alivyoeleza nikatamani kumsukumia tangini. Alisema ujuzi wa mikono haukai mikononi, unakaa kichwani, katika njia ambazo ubongo umezichimba kwa kurudia. Mtoaji akivikwa kofia na kuambiwa afanye kazi yake, njia zile zinaamka, zinalainika kama udongo ulionyeshewa. Zikiachwa zinakauka tena mahali pake na hakuna kilichopotea. Lakini zikishakauka mashine haiwezi kuzisoma vizuri. Kwa hiyo mashine inazizuia zisikauke mpaka imemaliza, na ikimaliza huwa hakuna tena kilichobaki cha kukauka.

"Inachukua sindano tu?" nilimwuliza. "Inajuaje hii ni sindano na hii ni kifungo?"

"Haijui. Vyote vinapita njia moja. Kwa mikono iliyofanya kazi muda mrefu kama ya Baba, vimeshikana."

"Na ulijua."

"Nilijua kuna upungufu kiasi."

"Upungufu! Yule mzee analishwa kwa mrija!"

"Ningewaambia mngekubali?" Sasa na yeye alikuwa anapiga kelele. "Wewe umelia miaka mitatu unataka mikono. Yeye amekaa miaka mitatu anaangalia ukuta. Kila mmoja wenu nikimwambia ukweli atakataa kwa ajili ya mwenzake, na hamsemezani! Nani aamue? Nikaamua mimi."

Nilimfungua tai nikaitupa kwenye matope. Nikataka iwe hasira tu, lakini hata katika kuifungua vidole vyangu vilikuwa na adabu, vilifuata mkunjo kwa mkunjo, na hilo lilinifanya nilie mbele yake, jambo ambalo sikutaka kumpa siku ile.

"Na nikiacha?" niliuliza. "Nisipoenda Ijumaa?"

"Haziwezi kurudi kwake, hakuna mashine ya kurudisha. Na nusu uliyo nayo itafifia, wiki chache tu. Ukienda, inakamilika na kukaa. Lakini mkao wa pili utachukua kilichobakia kwake. Hata kushika fimbo yake, labda."

*

Jioni nikaweka kigoda nje ya mlango wa mzee, nikakaa nimeupa ukuta mgongo. Yeye alikuwa ndani. Mama mkwe alisimama kizingitini, kama ilivyo kawaida ya nyumba ile pakiwa na neno la kufikishwa.

"Mama, mwambie Ijumaa siendi."

Mama akageuza kichwa ndani. "Anasema Ijumaa haendi."

"Nimesikia," ilisema sauti. "Mwambie aende."

"Anasema uende."

"Mwambie ameibiwa. Mwambie mwanawe ndiye mwizi, na mimi ndiye niliyepokea mali ya wizi."

Mama alisita. "Anasema anasikitika."

"Sijasema nasikitika, Mama!"

"Hajasema anasikitika," ilisema sauti ndani. "Mikono ndiyo mibovu, masikio ninayo. Mwulize huyo, nusu ya muuguzi inamtibu mgonjwa gani? Nimefungwa bibu kama mtoto kwa ajili ya nini, ili atupe? Achukue iliyobaki aingie wodini."

"Mwambie sitamnyang'anya mtu vidole vya mwisho ili mimi nipate cheti."

"Cheti! Nani kataja cheti? Wodi ya watoto pale ina muuguzi mmoja mpaka leo! Mmoja! Anajua huyo wodi ya watoto ni kitu gani?"

Nikasimama. Kigoda kikaanguka.

"Mwambie naijua kuliko yeye! Mimi nilikuwa ndani, nimempakata! Yeye mwenye mikono ya ajabu alikuwa wapi?"

Mama hakugeuza kichwa. Hakukuwa na haja.

"Alikuwa koridoni," Mama alisema, na safari hii hakuwa anafikisha neno la mtu. "Alikimbia kutoka shambani na mabuti yake ya matope. Alipofika mlangoni akakuona. Akamtuma mfagiaji akuambie utoke kidogo ili yeye aingie. Mfagiaji alirudi akasema hukumsikia. Akangoja utoke."

"Ningetokaje, Mama?"

"Hata mimi nisingetoka, mwanangu."

Mlango wa wodi ile haukuwa mlango. Lilikuwa pazia la kijani, lililochakaa, lenye tundu chini. Mikono iliyoweza kuupata mshipa wa Lugano ilikuwa upande wa pili wa kitambaa kile, imesimama kwa heshima, inaningoja mimi nimwache mwanangu ili iingie. Niliupiga ule ukuta wa chumba kwa ngumi, mara nyingi, kwa mikono yote miwili, na nilijua ni mikono ya nani ninayoiumiza. Nilipiga kelele maneno ambayo mke haruhusiwi kusema nyumbani kwa wakwe. Nilimtukana yeye, na desturi yake, na wazee waliomfundisha, na mimi mwenyewe niliyejifunika kitenge siku zote kwa utii kama kondoo. Hakuna aliyenizuia.

Nilipokwisha pumzi, sauti ilisema polepole, "Gwakisa aliponiambia picha, sikuamini. Nimefanya kazi hospitali, najua kikitolewa kitu panabaki tundu. Nikasema, haya, iende kwa mama wa yule mtoto. Ilimkosea pale, ikamtumikie sasa. Nilidhani watachukua sindano. Sikujua watachukua na kijiko."

Nilimtazama Mama nimwambie amjibu.

"Mimi nimechoka," Mama alisema. "Mimi si redio." Akaenda jikoni, akatuacha, mlango wazi kati yetu.

*

Ijumaa nilikwenda chuoni. Gwakisa alidhani nimekubali, akanipigia pasi gauni. Sikumsahihisha.

Kwenye ukumbi wa kungojea alikaa msichana mmoja na bibi yake. Bibi alikuwa muuguzi mstaafu, nilimjua kwa jinsi alivyokaa, mgongo wima kama yuko zamu. Alikuwa anafuma sweta la mtoto, la njano, na vijiti vilikwenda haraka bila yeye kuvitazama. Mjukuu wake alikuwa anasoma fiziolojia, midomo ikicheza.

Daktari Kokushubila alinipokea kwa kumbatio. "Mtoaji wetu yuko wapi? Kiti chake kiko tayari."

"Hawezi kufunga kifungo," nilisema. "Mlijua hawezi kufunga kifungo?"

Alishusha sauti, akanishika kiwiko. "Dada Tusekile, hiyo ni hali ya kawaida ya uhamisho, na ilielezwa kwenye maombi. Mliithibitisha. Tuingie ofisini tuongee kwa utulivu."

"Tuongee hapa. Mlimweleza nani? Mlimwita mzee mkamwambia, baba, kuanzia kesho utalishwa?"

"Familia ilimweleza. Sisi tunaheshimu mila, hatuingilii ndani ya nyumba za watu." Alisema hivyo kweli, na uso mkavu. "Fikiria upande wa pili. Hospitali zetu hazina wauguzi. Wastaafu wanakufa na ujuzi unazikwa nao. Kila jozi ya mikono tunayookoa inahudumia maelfu ya wagonjwa. Unataka nikuonyeshe foleni ya wanaoomba nafasi yako? Kuna walioleta mama zao."

Na ubaya ni kwamba hakuwa mwongo. Wodi ile ina muuguzi mmoja. Nilimwona Lugano pale pale, katikati ya ukumbi ule uliopigwa rangi nzuri, nikasikia mkono wangu wa kushoto unajikunja kutafuta sindano. Nikikaa kwenye kiti kile dakika chache, hakuna mama atakayeniona nikikosa. Nililitaka jambo lile kwa mwili wangu wote. Nilimchukia yule mwanamke kwa kuwa na hoja.

"Basi waambieni," nilisema. "Kama ni jambo jema hivyo, waambieni kwanza, wenyewe, machoni. Halafu mhesabu watakaobaki kwenye foleni."

"Dada, unapoteza nafasi yako."

"Naitoa. Nipe maombi ya kozi ya miaka minne, ile ya watu wenye mikono yao."

"Hiyo tuliifunga."

"Basi nitakwenda ambako hawajaifunga."

Nikageuka, nikapiga magoti mbele ya yule bibi mwenye sweta. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wamekwambia kwamba sweta hilo hutalimaliza?"

Nyuma yangu Daktari Kokushubila alikuwa tayari anawaita walinzi. Vijiti vilisimama. Bibi alinitazama, kisha akamtazama mjukuu wake, naye yule msichana, ambaye ni wazi aliijua kila aya, akainamia kitabu chake na hakuinua uso tena.

*

Nilipofika nyumbani mzee alikuwa kwenye benchi la nyuma, amegeukia mashamba ya chai. Kwa kawaida ningezunguka njia ya zizi. Nikapita hapo hapo, nikaketi mwisho wa benchi, nami nimegeukia chai. Alishtuka akataka kuinuka, lakini fimbo ilikuwa imemponyoka.

"Baba," nilisema. Lilikuwa neno la kwanza kati yetu. "Nimeirudisha nafasi yao. Nitaomba kozi ya miaka minne."

Aliigusa fimbo kwa mguu, akaiacha ilipolala.

"Mjinga," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Itafifia. Yote hiyo itafifia. Nimeharibika bure."

"Itafifia baada ya wiki chache. Mpaka hapo ninayo, na nusu niliyo nayo inajua kufunga vifungo." Nilikuwa nimechukua lile shati lake jeupe kutoka kwenye kamba. Nikaliweka mapajani mwake, nikaushika mkono wake wa kushoto.

Akauvuta. "Hairuhusiwi."

"Hata siku ile haikuruhusiwa," nilisema, na sikujali kama sauti yangu ilikuwa na ukali. Bado nilikuwa na hasira naye. Bado ninayo. "Tuliheshimiana vizuri sana siku ile."

Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha ukarudi, mzito. Nikaweka vidole vyake juu ya kifungo na vyangu juu ya vyake. Mikono miwili ya kushoto iliyojua jambo moja, mmoja umelisahau. Kifungo kilifika tunduni kikateleza. Tukarudia, kikateleza. Mara nyingine kikaingia nusu, na nikasikia kidole chake kimoja kikisukuma chenyewe, kidogo sana.

"Unabana mno," alisema. "Unamshika mtu kama unakamata mwizi. Legeza. Unamwelekeza tu."

Nikalegeza.

"Mtihani wa anatomia wa hao wa miaka minne ni lini?"

"Sijui, Baba. Miezi mitatu labda."

"Kichwa changu hawakukichukua. Mifupa ya kifundo cha mkono, mstari wa kwanza, kuanzia upande wa dole gumba. Itaje."

"Skafoidi. Lunati. Pisifomi..."

"Wa tatu ni trikwetra! Pisifomi inakaa juu yake. Unakwenda kumfunga mtu bendeji hujui kinachokaa juu ya nini? Rudia."

Alikuwa anafoka kama alivyofoka wodini, kwa sauti ambayo Mama alishanisimulia na ambayo sikuwahi kuisikia. Kwa kusahau niligeuka nimjibu, macho yangu yakaanza kupanda.

"Usiniangalie usoni," alisema kwa ukali. "Angalia mikono."

Nikaiangalia. Kifungo kilikuwa kimeponyoka tena, tukaanza upya na kile cha juu.